Mpagazi wa Kizaramo

Wajukuu wangu wakija likizo huniuliza swali lilelile: babu, wewe mtu wa pwani, Mpanda ulifuata nini? Nawajibu kwamba nilifuata kazi. Hilo ni jibu la kuwaondoa tu. Kazi ndiyo iliyonileta, tena ilinileta kwa kunifukuza. Kilichonifanya nikae ni kitu kingine, na kila nikianza kukieleza wao wameshatoka nje kucheza. Basi nimeona niandike. Mwenye subira atasoma.

Nilikuwa dresa. Siku hizi neno hilo wanalicheka, lakini miaka ya hamsini dresa alikuwa mtu. Tuliosha vidonda, tukafunga bendeji, tukachoma sindano, na mahali ambapo daktari yuko mbali tulifanya na yale ambayo hatukufundishwa. Kazi nilijifunzia Dar es Salaam, na nilikuwa naijua. Kilichoniponza ni mdomo. Siku moja mkubwa wangu alinikaripia mbele ya wagonjwa kwa kosa ambalo si langu, nami nikamrudishia palepale, neno kwa neno, na la nyongeza nikampa. Haukupita muda nikaambiwa kuna upungufu wa watumishi Mpanda.

Nilipanda treni mpaka Tabora, kisha ile ya Kaliua, kisha ile ya tawi inayoingia msituni na kuendelea kuingia mpaka ukadhani dereva amepotea. Ilikuwa ikienda kuchukua madini ya risasi kwenye mgodi, sisi abiria tulikuwa kama nyongeza. Nilishuka mwisho wa reli nimevaa suruali nyeupe iliyopigwa pasi, kofia yangu ya kitambaa kichwani, uso nimeukunja. Nilikuwa nimejiapiza kwamba nitakaa mwaka, nitubu, nirudi kwetu.

Pale stesheni alikuwapo mtu mmoja wa makamo, mfupi, kifua kipana, amekaa juu ya debe la nta akisubiri mfanyabiashara. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia.

"Kabila gani wewe?" akauliza.

"Mzaramo."

Akasimama, akaninyang'anya kofia, akaivaa yeye. "Jamani, njooni muone, serikali imeniletea mtani wangu!"

Nilitaka kumpiga. Wallahi, mkono ulishapanda. Ndipo akili ikanirudia kwamba yule ni Mnyamwezi, na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, walipokuwa wakishuka pwani na mizigo vichwani na kutukuta sisi tumekaa. Mtani akikunyang'anya kitu huna pa kushtaki. Nikameza hasira, nikamwambia kofia hiyo imezoea kichwa chenye akili, itamwasha. Akacheka, akaondoka nayo, na nikabaki kichwa wazi juani. Baada ya siku chache aliniletea asali kwenye kibuyu. Kofia hakurudisha.

Alikuwa anaishi na mkewe kijijini Magamba, na kila msimu wa asali alikuwa mkuu wa kambi ya warina, huko ndani kabisa porini, upande ambao hakuna barabara wala shamba, mbung'o tu na miombo. Akitoka porini alipitia hospitalini kwetu, hata kama haumwi, akaketi kwenye benchi la wagonjwa na kunitukana. Mzaramo mvivu. Mzaramo wa kulala mchana. Eti sisi tukichoka kukaa tunalala, tukichoka kulala tunacheza ngoma. Nami namwambia nyie mlizaliwa na mzigo kichwani, ndiyo maana hamkurefuka. Wagonjwa walikuwa wakicheka mpaka wanasahau sindano. Sikuwa na rafiki mwingine Mpanda, nasema kweli. Mtu wa pwani mwenye hasira hapati marafiki upesi.

Msimu wangu wa pili, wakati wa kiangazi, akaja mmoja wa warina wa kambini, miguu imejaa vumbi, akasema mkuu wao ameanguka kutoka juu ya mti. Kamba ya kupandia ilikatika. Paja limevunjika, na wao hawawezi kumtoa.

"Hamwezi au hamjajaribu?" nikauliza.

"Amekataa," akasema.

Daktari wetu alikuwa Mzungu mmoja asiye na maneno mengi. Akanipa dawa, sindano za kutuliza maumivu, bendeji, na gari la kunifikisha mwisho wa njia. Akaniambia nimlete akiwa hai, mengine atafanya yeye. Kutoka pale gari lilipokomea tulitembea kutwa nzima, nikiwapiga mbung'o kwa tawi na kumlaani kila aliyenituma.

Nilimkuta amelala kwenye kibanda cha nyasi, kofia yangu kichwani. Paja limevimba, mguu umeelekea upande ambao mguu hauelekei. Rangi ya midomo sikuipenda. Aliponiona akasema, "Nimeomba daktari, wameniletea Mzaramo."

Nikamchoma sindano, nikangoja ifanye kazi, nikaunyoosha ule mguu. Banzi la kushikilia mfupa sikuwa nalo la kutosha urefu wa mguu mzima. Lakini warina wa kule hutengeneza mizinga kwa magome. Wanalichuna gome la mti zima, likikauka linabaki kama bomba. Nikachukua mzinga mpya, nikaupasua katikati, nikatandika nyasi laini na pamba ndani, nikaulaza mguu humo kuanzia kwenye nyonga hadi kisigino na kufunga kwa kamba za miombo. Hata leo sijaona banzi zuri kushinda lile. Mwenyewe alilalamika kwamba nimemharibia mzinga wa msimu ujao.

"Sasa kateni miti ya machela," nikawaambia wenzake, "tuondoke."

Hakuna aliyenyanyuka.

"Sibebwi," akasema yeye.

Wakanieleza. Kambini kwao machela hukatiwa maiti. Mtu akiwa anapumua huwezi kumkatia miti, ni kumwitia kifo. Na yeye alikuwa na lake zaidi: mdogo wake aliumwa na nyoka kambi hiyohiyo, wakamfunga kwenye miti, wakambeba, hawakufika naye. "Aliyetoka huku amebebwa harudi," akasema. "Niacheni hapa. Mfupa utaunga."

Haukuwa wa kuunga. Nilijua kwamba akikaa pale ule mguu utaoza au damu itamwishia ndani kwa ndani, na nikamwambia hivyo. Akatikisa kichwa. Basi nikapandisha hasira. Nilimwambia mimi ndiye mwenye kazi yangu, sikutembea porini siku nzima kuja kubembeleza mtu mzima, na wenzake nikawaambia kama wanamwogopa basi wamwogope akiwa hospitali. Nilifoka mpaka sauti ikakauka. Aliponiona nimemaliza akasema taratibu, "Mtani, kelele zako hazijaunga mfupa bado."

Nikatoka nje ya kibanda. Nilizunguka, nikapiga teke kichuguu, nikaumia kidole. Nilikuwa na hasira naye, lakini chini ya hasira kulikuwa na hofu. Nilikuwa nampenda yule mtu. Sikuwa nimejua mpaka pale.

Kando ya kibanda kulikuwa na shoka la kuchongea. Nikalichukua, nikapiga magoti mahali ambapo ananiona, nikaanza kuchimba.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Nachimba shimo. Mtani wangu anafia hapa, na mwenye kazi ya kumzika ni mimi. Nataka nimalize mapema nikale asali yake kabla wenzake hawajaimaliza."

Wale watu walishtuka. Mmoja akaguna. Halafu mwingine akashindwa kujizuia, akacheka, na wote wakamfuata. Yeye mwenyewe alicheka mpaka mguu ukamuuma akatukana kwa Kinyamwezi.

"Na shimo lenyewe anaparua kama kuku," akasema.

Nikaendelea kuparua. Akawa ananitazama. Kisha akasema, "Babu yangu alibeba pembe mpaka kwenu. Baba yake vilevile. Nyie mmekaa kivulini mnangoja mzigo ufike. Tangu nizaliwe sijasikia Mzaramo amembeba Mnyamwezi."

"Hata mimi sijasikia."

"Basi nibebe wewe. Wenzangu wakinibeba peke yao, mimi ni maiti. Ukinibeba wewe, mimi ni mzigo na wewe ni mpagazi wangu. Lakini hupokewi na mtu. Na usinitue mpaka nimefika."

Nikasema nimekubali. Miti mipya hakutaka ikatwe, akaamuru wang'oe ile ya kichanja walichokuwa wanawekea vyakula. Wakasuka kamba, wakatandika nyasi, tukampandisha. Nikaweka bega langu mbele.

Sikuwahi kubeba kitu maishani mwangu. Nasema hivyo bila haya; kwetu tulikuwa na punda, na mimi nilikuwa mtoto wa shule. Wale wengine walikuwa wakipokezana, wanabadilisha bega, wanatembea kwa hatua fupi fupi ambazo hazimtikisi mgonjwa. Mimi nilijikwaa kwenye kila mzizi. Bega likachubuka, shati likagandamana na kidonda, nikahamishia bega la pili nalo likachubuka. Na huko nyuma yangu yeye alikuwa hanyamazi. Wapagazi wa zamani waliimba, huyu anapumua kama ng'ombe. Mzaramo, hapo kuna jiwe. Mzaramo, hilo uliloliruka si nyoka ni mti. Waambieni kwao pwani kwamba nimempata mpagazi wa kwangu, nami nitamuuza Tabora.

Sikuwa na chombo cha kupimia presha wala nafasi ya kumshika mkono kila saa. Nikagundua kwamba matusi yale yananitosha. Akinitukana vizuri, najua damu inafika kichwani. Akichelewa kujibu, namchokoza. Namwambia amekuwa mzito kwa sababu ya asali aliyoiba kwenye mizinga ya wenzake. Akijibu, natembea. Tulilala njiani, machela tumeining'iniza kwenye panda za miti isiguse chini, na asubuhi tulivuka mto Katuma maji yakiwa magotini, akaniambia nikimwangusha humo viboko watanikataa kwa kukosa nyama.

Jua lilipopanda akapunguza matusi. Nikamchokoza, kimya. Nikamchokoza tena. Nikasikia anasema kwa sauti ya upole kabisa, "Ahsante, bwana dresa. Pole kwa kazi."

Nikasimama. Wale wengine nao wakasimama, kwa maana hata wao walielewa. Tangu stesheni mtu yule hajawahi kuniita bwana.

Nikageuka kumtazama bila kumtua. Macho yalikuwa yananiangalia lakini hayanioni mimi. Kifua kilikuwa kinakwenda mbio, na pale shati lilipofunguka nikaona vidoa vidogo vyekundu ambavyo jana havikuwepo. Sikujua ni nini. Nilijua tu kwamba si mguu tena. Akaniita kwa jina la mdogo wake, yule wa nyoka, akaniuliza kama nimeshakunywa maji.

Tukakimbia. Bega sikulisikia tena. Gari lilikuwa linatusubiri, na ndani ya gari nilikaa nimeshika ule mti wa machela nisiutue kwenye sakafu, dereva akinitazama kama mwehu.

Alikufa kesho yake mchana, hospitalini. Daktari alinieleza kwamba mfupa mkubwa ukivunjika, mafuta yaliyomo ndani yanaweza kuingia kwenye damu na kwenda kuziba mapafu. Akasema nilifanya yote yanayopaswa kufanywa, na kwamba lile gome ni kazi nzuri, na hata angevunjikia mlangoni mwa hospitali kubwa ya Dar es Salaam huenda angekufa vilevile. Hakuwa mtu wa kusifu ovyo. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikasema ndiyo, nikaenda kukaa nyuma ya jiko la hospitali na kulia kama mtoto.

Nimelifikiri jambo hili miaka mingi. Alisema aliyetoka kule amebebwa harudi, na hakurudi. Ningemwacha angekufa pia, hilo nalijua kama ninavyojua jina langu. Lakini angekufa kwenye kambi yake, chini ya mizinga yake, siyo kwenye kitanda cha chuma akiniita jina la mtu mwingine. Je, nilimpa nini? Kuna siku najijibu kwamba nilimpa nafasi, na nafasi ndiyo kitu pekee ambacho mtu wa kazi yetu anacho cha kutoa. Kuna siku jibu hilo halinitoshi.

Uhamisho wa kurudi pwani ulikuja baadaye, nikaukataa. Watu walidhani nimeoa. Nimetoa wengi porini tangu hapo, waliojeruhiwa na simba, waliodondoka, wenye malale waliokuwa wanasinzia wakitembea, wanawake ambao mtoto amekataa kutoka, wengine kwa machela na wengine kwa mtumbwi mpaka Karema. Vijana walioletwa nifanye nao kazi niliwafundisha kufunga banzi kabla ya kumgusa mgonjwa, halafu niliwaambia watafute neno ambalo mgonjwa huyo hawezi kuacha kulijibu. Wengine walinielewa, wengine waliona mzee ameanza kuchoka akili.

Lakini kabla ya hayo yote ilikuwa lazima niende Magamba.

Siku ya mazishi ujumbe ulikuja kwamba mtani anasubiriwa. Nilitaka kusema nina kazi. Niliogopa, tena sikuogopa wale wanaume, niliwajua, tulibeba pamoja. Nilimwogopa mkewe. Mume wake hakutaka kubebwa, mimi nikamchekesha mpaka akakubali. Ningemwambia nini? Lakini mtani asipotokea kwenye msiba ni aibu isiyofutika, kwake na kwa kabila lake zima. Nikavaa suruali yangu nyeupe, nikaenda kwa miguu.

Kaburi lilikuwa limeshachimbwa nyuma ya nyumba. Mwili umelazwa kando, umefungwa sanda. Watu wakanipisha njia, wananisubiri. Kazi ya mtani kwenye msiba inajulikana: awachekeshe waliofiwa, aseme yale ambayo ndugu hawawezi, aingie kaburini alale humo na kukataa kutoka mpaka abembelezwe. Nilishaiona ikifanywa kwetu mara nyingi. Sikuwahi kuifanya, na hasa sikuwahi kuifanya kwa mtu ambaye siku chache tu nyuma nilimchimbia shimo la mzaha.

Nikashuka. Mabega yalikuwa bado na bendeji, nikajikwaruza kwenye udongo. Nikalala chali, nikatazama mbingu, nikafumbua mdomo.

"Shimo hili zuri," nikasema. "Ni zuri kuliko lile langu. Mtani wangu mjanja, alijichagulia pazuri. Basi sitoki humu. Wazaramo tunapenda kulala, nyote mnajua. Yeye mtafutieni pengine."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimesema vizuri, lakini sauti ilikatika mwishoni na kila mtu alisikia. Nikabaki nimelala. Nilikuwa nangoja, jamani, na nilijua ninachongoja. Nilikuwa nangoja anitukane.

Ikaja sauti ya mwanamke kutoka juu. Alikuwa mkewe, amesimama ukingoni, macho mekundu, kanga ameifunga kiunoni. Wenzake wa kambini walikuwa wamemweleza yote, mpaka yale masharti.

"Mzaramo mvivu," akasema. "Nani kakwambia ulale? Ulimwahidi hutamtua mpaka afike. Hajafika bado. Inuka, mpagazi, mzigo wako huu hapa, upokee."

Mtu mmoja akacheka kwa kilio, na wengine wakafuata, na yule mama naye akacheka huku machozi yanamtiririka. Wakaunyanyua mwili, wakauteremsha kuelekea kwangu. Nikainuka, nikanyoosha mikono, nikampokea.